Nati Inayotaka Watu Wawili

Baiskeli yangu ya milimani niliinunua ya mitumba, na tangu siku ya kwanza ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kati ya nati zinazoshikilia lile gurudumu la meno kwenye pedali, moja ililegea kila nilipopanda vilima vya Kaptagat. Ikilegea, meno yanayumba na mnyororo unalia mpaka ng'ombe wa watu wanageuka kunitazama.

Kuikaza si kazi ya mtu mmoja. Bolti unaizungusha kutoka mbele, lakini nati iliyo nyuma nayo inazunguka, utazungusha mpaka uchoke. Lazima mtu achomeke bisibisi nyuma na kuizuia. Mtu huyo alikuwa jirani yangu, karani wa duka la mbegu, aliyetoka magharibi akanunua ploti kando ya yangu. Kila Jumapili baada ya kanisa tulichuchumaa uani kwake, mimi mbele, yeye nyuma, tukibishana. Alidai kwamba nailegeza makusudi ili ninywe chai ya mke wake. Hakukosea sana.

Kisha ikaja kura ya 2007, matokeo yakabishaniwa na makabila yakageukiana. Nyumba yake ilichomwa na watu wa upande wangu, watu ninaosalimiana nao mpaka leo. Yeye na familia walikuwa tayari wamekimbilia kituo cha polisi. Niliwapelekea blanketi na sufuria, nikamkuta ameketi juu ya gunia, hataki kuniangalia. Lori la kuwarudisha kwao lilipofika, alinipa mkono, akasema tutaonana mambo yakitulia. Nililishika neno hilo.

Mambo yalitulia. Kuta zake zilimea majani, na nati yangu ikaendelea kulegea. Fundi yeyote wa mjini angeimaliza mara moja, najua. Sikumpelekea. Niliikaza kwa vidole, ikashika mpaka kona ya kwanza, na mke wangu akanicheka kwamba ananisikia nikija kutoka barabara ya Moiben. Ulikuwa ukaidi tu. Niliona nikitafuta mtu mwingine wa kushika bisibisi, nitakuwa nimekubali kwamba jirani harudi.

Alirudi baada ya miaka, peke yake, kichwa kimeanza mvi. Nilimwona amesimama kwenye ploti yake na moyo wangu ukaruka, nikidhani amekuja kujenga. Alikuwa amekuja kuuza. Aliniambia hivyo nyumbani kwangu, taratibu, kama mtu anayeleta habari za msiba. Watoto wamezoea shule ya kule, na mke wake hawezi kulala tena huku.

Alipoinuka kwenda, aliiona baiskeli ukutani, akaitikisa pedali.

"Hii kitu bado?"

"Bado."

Akachuchumaa upande wa nyuma bila kuambiwa. Nilileta spana na bisibisi. Safari hii aliitoa nati yote, akaomba rangi ya kucha ya mke wangu, akaipaka ndani ili ikikauka iigandishe nati, ndipo tukakaza pamoja, mimi mbele, yeye nyuma. Hatukubishana.

"Sasa haitakusumbua tena," akasema, "hata ukiwa peke yako."

Alinitendea wema, na nati haijalegea tangu siku hiyo. Lakini kila Jumapili nikitoka kanisani naijaribu kwa kidole, nikitamani nikute imelegea hata kidogo.