Mama wa Imelda Yumo Kwenye Kopo la Maziwa Chini ya Kitanda Changu

Admin, naomba ufiche jina langu. Majina niliyoweka humu nayo si yao.

Ndugu wasomaji, kwa zaidi ya miaka thelathini nimeficha kanda moja ya kaseti ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda changu hapa Sumbawanga. Nina miaka sabini na tisa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nilisomeshwa na mapadre. Sasa moyo umechoka na daktari ameacha kunipa matumaini. Naandika haya kwa kidole kimoja, nikipumzika kila baada ya mistari miwili.

Vijana hamtajua, lakini miaka ile ya ruksa, bidhaa ziliporudi madukani, nilinunua redio kaseti nikaiweka barazani. Siku za soko watu walipita kuuliza nina muziki gani mpya. Kanda zililetwa na madereva kutoka Tunduma na kwingineko, nami niliwapenda zaidi waimbaji wasio na bendi wala jina, wanaojirekodi wenyewe chumbani. Niliwaazima watu kanda kama mganga anavyotoa dawa. "Wewe umefiwa, sikiliza upande wa pili. Usipolia, irudishe kesho." Walikaa nazo wiki.

Siku moja mama mmoja wa kijiji cha Pito, nitamwita Skola, alitua furushi lake la maharage barazani apumzike. Akasikiliza wimbo hadi mwisho, akasema, "Mwalimu, huyu anaimba vizuri, ila anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Anaogopa kunyamaza."

Soko lililofuata alikuja na gitaa la marehemu mumewe, na mtoto mchanga mgongoni. Akaimba nyimbo sita alizotunga mwenyewe, nusu Kifipa nusu Kiswahili, taratibu, kwa sauti iliyokwaruza kidogo, kama mtu anayejisemea peke yake akipalilia. Nilirekodi zote. Alipomaliza, nilivunja vile vijino vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kanda. Ukivivunja, redio inagoma kurekodi kitu kingine juu yake. Nikamwambia, "Sasa hii haifutiki."

Redio yangu ilikuwa ya kanda moja, sikuweza kutoa nakala, na hiyo sikumwazima mtu. Waliomtaka Skola walikuja barazani. Dereva mmoja wa lori, mtu wa mdomo, alizima injini kabisa akaketi chini.

"Mwalimu, huyu mama ulimficha wapi? Maana hiyo kwaya yako tunaisikiliza kwa heshima tu. Hata Mungu nadhani anavumilia."

Baraza zima likacheka, nami nikacheka kuliko wote. Nilikuwa nimewatungia nyimbo wanakwaya wa parokia yetu kwa miaka kumi na minne. Hakuna aliyewahi kuzima injini.

Dereva huyohuyo alikwenda kumsimulia mtangazaji wa redio moja ya binafsi iliyokuwa ndiyo kwanza imeanza. Ijumaa moja ujumbe ukanifikia: leteni kanda, tutaipiga. Jumatatu asubuhi Skola akatokea na kitenge kipya.

"Mwalimu, ni kweli watanisikia mpaka Dar?"

Nikamwambia, "Pole, Skola. Redio imeitafuna kanda."

Aliitazama redio pale barazani. Kisha akanishika mkono, akacheka kidogo. "Mbona unahuzunika hivyo, Mwalimu? Si nipo? Nitaimba tena."

Nikasema tusubiri amalize mavuno. Alipomaliza, nikasema betri zimeisha. Mvua zilipoanza akaugua homa, Krismasi hakuiona.

Yule mtoto wa mgongoni, nitamwita Imelda, leo ana watoto watatu. Mimi sina mtu mwingine; ndiye anayenipikia uji. Kila asubuhi, "Shikamoo, Babu," halafu ananiinua kichwa ninywe. Huwaambia majirani kwamba mimi ndiye wa kwanza kujua thamani ya mama yake. Wiki iliyopita, akisuuza kikombe, aliniuliza, "Babu, sauti yake ilifanana na yangu?"

Nikamjibu sikumbuki. Jamani, upepo wa Juni ukipita kwenye mabati naisikia. Imelda mwenyewe akiimba huko jikoni navuta blanketi hadi masikioni.

Redio haikutafuna kitu. Kanda ni nzima. Ila juu ya nyimbo za Skola kuna kwaya yangu, iliyorekodiwa Jumapili ile iliyofuata ule ujumbe, na mimi natangaza kwa sauti ya madaha, "Wimbo huu umetungwa na..." kisha nataja jina langu. Lakini kwaya iliisha kabla ya kanda. Pale mwishoni zimebaki sekunde chache za zamani. Gitaa linawekwa chini, mtoto analia, naye Skola anasema, "Nyamaza, Imelda. Mama amemaliza."

Ni hayo tu. Imelda hajui kama yapo.

Sasa nipeni neno lenu, maana siku zangu si nyingi. Nimpe kanda hii, au nizikwe nayo? Naweza kumpa na kumwambia kwamba nilikosea, kwamba kanda zilifanana. Ndivyo nilivyomwambia marehemu mke wangu, na ndivyo nilivyomwambia padre nilipoungama. Wote wawili walinihurumia. Imelda naye ataamini, atanifuta machozi, kesho yake ataniletea uji. Au nimwambie lile ambalo hata kwenye kiti cha kitubio nililiruka?

Ni hili. Jumapili ile, wanakwaya wakiwa wamejipanga wananisubiri, nilibonyeza kitufe cha kurekodi kikagoma kushuka. Nilijua kwa nini. Nikaenda kwenye droo ya meza, nikatoa selotepu, nikaikata kwa meno, nikaziba tundu la kile kijino nilichokuwa nimekivunja mwenyewe. Kisha nikabonyeza tena.