Msusi Aliyekodisha Viti Vyake

Mteja yeyote wa saluni ile angekuambia kwamba Mama Mkono Mwepesi hakuwa na haja ya kumdadisi mtu. Ukishakaa mbele yake, kisogo kwake na uso ukutani, maneno yalitoka yenyewe. Wapo waliommwagia siri ambazo hata waume zao hawakuzipata. Na binti yake, mtoto wa pekee, alikuwa mkimya wa kutupwa mpaka aguswe na kitana. Hapo sasa! Nani kamchokoza shuleni, nani kamtaka; hata habari za uchumba wake mama alizisikia akiwa katikati ya kumsuka utosi.

Vidole vya mama vilipoanza kukakamaa, ni binti huyo huyo aliyekuja na ushauri.

"Mama, utasuka mpaka lini? Kodisha viti. Wasusi wakulipe kila wiki, hela iingie wewe umelala."

"Na mimi nikalie nini?"

"Mama naye! Si kuna sofa?"

Wakacheka. Viti vyote vikakodishwa, na kile chake cha dirishani akakichukua msichana mchangamfu waliyemwita Kasuku. Tusidanganyane, ushauri ulikuwa mzuri. Kodi iliingia, vidole vikapumzika, paa likaacha kuvuja. Lakini mama wa watu alipooza. Wateja walimwamkia kwa heshima zote, kisha wakaenda kumpa Kasuku visogo vyao, naye akabaki nyuma ya pazia akikunja taulo.

Siku binti alipokuja kusuka, mama aliinuka haraka, kitana mkononi.

"Aa, mama, pumzika bwana, na vidole hivyo!" Binti akakaa kwa Kasuku.

Mama akarudi kwenye taulo zake. Hakukusudia kusikiliza, ila pazia ni kitambaa tu. Ulianza utani wa mitindo na umbea wa mtaani. Kisha sauti ya mwanawe ikashuka, ile ile aliyoizoea miaka yote.

"Mume wangu amenifukuza, dada. Nguo zangu ziko kwa rafiki yangu. Na ile mimba ndiyo hivyo, imetoka."

Kasuku akaacha kusuka. "Mama anajua?"

"Ajulie wapi? Usimwambie."

Mama hakuwa na habari hata kwamba kulikuwa na mimba. Aliuma taulo asisikike akilia. Alimwonea wivu yule msichana, wivu mchungu, kisha akajionea haya kwa kuwa na wivu saa kama ile.

Nywele zilipokwisha, binti alifungua pazia. Alikuwa amependeza. Wakatazamana uso kwa uso.

"Hamjambo huko kwenu?" mama akauliza. Akangoja.

"Hatujambo, mama. Salama kabisa." Binti akamwekea vizuri kitambaa cha kichwani. "Vipi, kodi ya wiki hii wamelipa wote?"

"Wamelipa, mwanangu."