Kanda Aliyoitafuta Babu

Juzi Rwamishenye nilipita kwa fundi redio, nikasikia kitufe cha redio kaseti ya zamani kikibonyezwa: ta! Nikasimama palepale na mfuko wangu wa senene mkononi. Mlio ule ulinirudisha Kagoma, sebuleni kwa babu, kwenye harufu ya nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni.

Babu alitunga nyimbo akiziimba kwa enanga, kile chombo cha nyuzi ambacho wazee wa kwetu hukipakata. Aliwahi kurekodi kanda moja nyumbani, nakala chache zikauzwa gulioni, zikapotelea huko. Kisha ugonjwa wa koo ukamnyang'anya sauti. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya, wakanilea babu na bibi, kwa hiyo mimi nilimjua babu wa kunong'ona tu.

Kila siku ya gulio alikwenda kuulizia kanda ile. Majirani walimtania kwamba mzee anatafuta sifa zake za ujana. Yeye alijifuta jasho, akatafuna punje zake za kahawa, na gulio lililofuata akaondoka tena.

Mchana mmoja akaja mgeni kutoka Kimwani, bwana mmoja aliyevaa koti zito juani. Akaitoa kanda mfukoni kwa aibu.

"Mzee, unisamehe waitu. Mke wangu alirekodia kwaya juu yake. Sijui kama kumebaki kitu."

Babu aliipokea. Aliitumbukiza kwenye redio mwenyewe. Kwaya ikaimba. Upande mzima, kwaya! Bibi akaanza kusali kimoyomoyo, na sidhani kama aliguswa na zile nyimbo. Tukageuza upande. Kwaya tena. Kisha, katikati ya aleluya, ikakatika, enanga ikaingia.

Jamani, niwaambieje? Sauti nzito ya kiume ilijaa nyumba nzima mpaka nikatazama juu darini. Ilitaja migomba, ikataja ziwa, ikawasifu mabinti wa Muleba. Nikamtazama yule mzee mwembamba wa kunong'ona, vinyweleo vikanisimama. Nilitamani kumpigia magoti.

"Babu, ni wewe?"

"Mimi niache," akanong'ona. "Msikilize huyo anayeniitikia."

Kweli, kila ubeti ulipoisha msichana aliitikia, na mahali fulani alishindwa kujizuia, akacheka. Nikamsikiliza kwa adabu, kisha nikarudi upesi kwenye sauti ya babu. Yeye alikuwa analia. Nikajua analilia koo lake.

Nilikuwa nimeshaolewa, na babu tumeshamzika, ndipo bibi aliponieleza. Msichana yule alikuwa mama yangu. Sauti yake haikubaki popote pengine duniani. Babu hakutaka kuniahidi kitu ambacho huenda asingekipata, na siku alipokipata alishindwa hata kulinong'ona jina la mwanawe. Miaka yote ile, watu walipokuwa wakimcheka gulioni, alikuwa ananitafutia mama.