Uzi wa Sweta Kwenye Miguu ya Kuku

Saa kumi na moja alfajiri, Mama Tone anabisha hodi kwenye banda la kuku. Siyo kwenye mlango wa nyumba, kwenye banda! Mwenye nyumba akitoka atamkuta humo humo ndani amechuchumaa, tochi kwapani, jogoo amembana katikati ya magoti.

"Tulia baba, tulia. Ni jicho tu," anamwambia jogoo.

Tone moja linadondoka kwenye jicho. Jogoo anapepesa, kwisha kazi. Anafungwa uzi wa kijani mguuni kuonyesha kwamba ameshachanjwa, kisha anaachiwa akiwa na hasira za kuamsha mtaa mzima.

Hiyo ndiyo kazi iliyompa jina. Mama huyu wa watoto watatu anachanja kuku wa kijiji chake dhidi ya kideri, ugonjwa ule ambao ukiingia jioni, asubuhi unaokota kuku chini kama nguo zilizoanguka kwenye kamba.

"Mwaka juzi nililala na kuku ishirini, nikaamka na jogoo mmoja, naye shingo imepinda," ananiambia, nami naandika. "Ile ndiyo ilikuwa ada ya mwanangu mkubwa. Alikaa nyumbani muhula mzima ananitazama tu. Nililia wee mpaka nikachoka. Niliposikia mtaalamu wa mifugo anatafuta watu wa kufundishwa kuchanja, sikungoja kuitwa."

Mkononi ana chupa ya chai. Usiombe kikombe, haina chai! Imejaa barafu, na katikati ya barafu kuna kichupa cha chanjo, kidogo kama kidole gumba. Kinatosha kuku wa mtaa mzima, ila kikishafunguliwa hakina subira. Jua likipanda, kilichobaki ni cha kumwaga. Kwa hiyo lazima nyumba zote zikubaliane siku moja, na kuku wote wakutwe bado wamelala.

Kukubaliana ndiko kulikomtoa jasho.

"Mimi nilimwambia, shemeji, sisi wenyewe hatuna hela ya dawa ya macho, leo kuku ndio watiwe?" anasema fundi cherehani, mwenye yule jogoo mwenye hasira. Anacheka mpaka anashika ukuta. "Wengine walisema chanjo inafunga mayai. Sasa tazama!"

Anaonyesha cherehani ya pili, inang'aa barazani. Imetoka kwenye kuku hao hao. Kila Jumamosi mnunuzi anakuja na pikipiki yenye matenga, na kuku mwenye uzi wa kijani anamwongezea bei bila ubishi. Mama Tone mwenyewe analipwa bei ya yai moja kwa kila kuku watatu. Siyo utajiri, lakini mwanawe amerudi shule na viatu vipya.

Ila mnunuzi ameweka sharti: kideri kikionekana kwenye nyumba moja tu, hakanyagi tena mtaa huu. Na wiki hii kimeonekana ng'ambo ya mto.

Na kuna nyumba moja haijawahi kumfungulia Mama Tone banda lake. Ipo katikati ya mtaa, ina kuku wengi kuliko zote, na kuku wake hula kwenye kila ua. Ni nyumba ya mama mkwe wake!

"Leo asipofungua, hawa wote niliowachanja nimewapotezea muda," ananong'ona Mama Tone. Ni kweli chanjo inawakinga, lakini ugonjwa ukilipuka pale katikati, mnunuzi hatauliza nani alichanja na nani hakuchanja. Atageuza pikipiki.

Mama mkwe amekaa kwenye kigoda mbele ya banda, kama askari wa benki. Nyuma yake kuku wanaanza kuguna.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita tu, mkwe wangu. Hapa hakuna mgonjwa."

"Mama, chupa imeshafunguliwa."

"Kwani nimeifungua mimi? Kuku zangu zilishachanjwa zamani. Tazama miguu."

Mama Tone anamulika tochi kwenye nyufa za banda. Haa! Mguu mmoja, uzi wa kijani. Mguu wa pili, uzi wa kijani. Banda zima kijani! Mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga humo na chanjo yake anaona kuku wote wamevaa alama yake.

Fundi cherehani, aliyekuja kusaidia kushika kuku, anafungua mdomo. "Lakini mama, si ule uzi ulionunua kwangu ukasema ni wa mashuka, mbona..."

Hamalizi. Mama Tone amemkanyaga mguu.

Mama mkwe anatazama chini, anachora chora vumbi kwa kidole cha mguu. Likisemwa sasa hivi mbele ya watu, banda hili halitafunguliwa mpaka mwisho wa dunia. Na kwa mbali anga imeshaanza kuwa nyeupe.

Mama Tone anasukuma kibunda cha uzi wa kijani chini kabisa ya kikapu.

"Kweli mama, nimeona. Hao ni wa kijani," anasema. "Kijani ni cha msimu uliopita. Chanjo inarudiwa, na leo kila kuku anavaa njano."

"Njano?"

"Njano."

"Na jogoo wangu wa sasa hivi?" anauliza fundi.

"Yule tutarudi kumbadilisha, shemeji. Nilikosea, giza lile."

Mama mkwe anainua uso. "Iko wapi hiyo njano?"

Mama Tone amevaa sweta la njano lililochoka mkononi. Anashika ncha ya uzi iliyokuwa inaning'inia, anavuta, inakuja tu. Anaikata kwa meno. "Hii hapa."

Mama mkwe anaitazama. Anamtazama mkwewe. Kisha anasimama, anachomoa kijiti cha mlango wa banda.

"Haya. Lakini yule mweupe mshike polepole, ana moyo mwepesi."

Weee! Kuanzia hapo ni vumbi, manyoya na vicheko. Mama mkwe hataki mtu mwingine ashike kuku zake, anawakamata mwenyewe mmoja mmoja, anawataja kwa tabia: mlafi, mgomvi, mvivu wa kulalia. Tone, uzi, tone, uzi. Jua linapochomoza juu ya mapaa ya bati, kichupa kimekauka, mtaa mzima umechanjwa, na mkono mmoja wa sweta umeishia kwenye kiwiko.

Chai ya kweli inanywewa kwenye kigoda kile kile.

"Huyu nilimfundisha kufuga mimi, alipoolewa hapa," ananiambia mama mkwe, akitazama daftari langu. "Halafu aje anionyeshe namna ya kushika kuku? Niliona haya, mwanangu. Andika tu."

Mama Tone anaandika mambo mengine kichwani. Anataka kijiji kipate friji ya sola, maana sasa chanjo analaza kwenye friji ya duka la soda kule barabara kuu, na kuifuata ni nusu siku kwa miguu. Kikundi chao cha wafugaji kimeshaanza kuchanga. Anataka pia kufundisha wanawake wawili wengine.

"Kila mtaa uwe na Mama Tone wake," anasema. "Mimi nimechoka kuamka na majogoo ya watu."

"Friji ikija ikae chumba changu cha mbele," anasema mama mkwe. "Nitailinda." Anashika ule mkono wa sweta uliobaki nusu, anaupima kwa viganja. "Na hili niachie nilifume. Msimu ujao usije ukachanja kifua wazi."

"Asante, mama."

"Rangi ya msimu ujao ni ipi?"

"Bado sijaamua, mama."

"Basi uamue mapema," anasema, anamimina chai nyingine, "nisije nikanunua uzi wa hasara tena."