Mjukuu Aliyelala Bila Mgongo

Rut, mke wa mwanangu Ambrose, ni mzaliwa wa Katumba Songwe, mwenye vidole vyepesi na maneno machache. Ni fundi cherehani Mbugani, ila fremu yake, chumba cha kushonea alichopanga, ilifungwa tangu ajifungue, na mwenye nyumba akamwambia afungue mwezi huu au ampishe mwingine. Kikwazo kilikuwa mjukuu wangu Asheri, ambaye hakulala ila mgongoni kwa mama yake, na fundi hawezi kuinamia cherehani na mtoto mgongoni.

Rut akaanza kumlaza kitandani angali macho, anampigapiga taratibu, kisha anatoka. Mtoto akiguna tu, mimi nimeshafika na kanga. Nilimweleza kwa upole kwamba nimefundisha watoto wa watu hadi kustaafu, na katika ukoo wa marehemu mume wangu mtoto haachwi alie kama vile nyumba haina watu. Hapa Ipyana majirani wana masikio. Rut akaitika, "Ndiyo, mama," akaendelea vilevile.

Alasiri moja alimlaza, akaenda uani kuanua kakao. Mara akaingia shemeji yangu Ezekiel, kaka mkubwa wa marehemu, akaketi sebuleni karibu na mlango wa chumba. Kwetu mke wa mtoto haonani na baba mkwe wala kaka zake, hata njiani hawapishani. Rut akajibanza jikoni, nyuma ya nyumba. Asheri akaanza kulia.

"Kuna mtoto analia humo?" Ezekiel akauliza.

Ningemwambiaje mkubwa wa ukoo kwamba mjukuu wake ametelekezwa?

"Halii, shemeji. Anajibembeleza. Watoto wa nyumba hii wamefundishwa."

Baada ya kusema hivyo sikuweza tena kuinuka. Nikamimina chai, nikaulizia mpunga wake. Asheri alilalama, akanung'unika, akanyonya kidole, kisha kimya.

"Mwalimu ni mwalimu tu," Ezekiel akasema. "Nitaagiza wake za wanangu waje wajifunze kwako."

Nikajibu ndaga, yaani asante, maana heshima ikija mlangoni hairudishwi.

Alipoondoka nilimfuata Rut jikoni, nikamlalamikia kuhusu wageni wasiotoa taarifa.

"Ambrose alimwambia baba mkubwa kwamba una upweke alasiri, mama," akasema, macho chini. "Na kesho atakuja."

Alikuja wiki nzima. Sasa Rut yuko Mbugani na cherehani yake, Asheri analala kwangu, na wake za wana wa Ezekiel huja kujifunza jinsi ukoo wetu unavyolaza watoto. Nawafundisha bila uchoyo: mtoto alazwe angali macho, na bibi yake atafutiwe mgeni.