Leo nimebaki peke yangu katikati ya rede

Leo darasa zima limenipigia kelele, na nimefurahi.

Tangu tuhamie Gisenyi kutoka Tanzania, sijapata rafiki shuleni. Wakati wa mapumziko nasoma kando ya ukuta. Kusoma kuna faida, lakini hakuna kitabu kilichowahi kuniuliza habari za asubuhi.

Leo akanijia Solange, msichana aliyekulia Goma, ng'ambo tu ya mpaka.

"We, acha kitabu! Tunakosa mutu!"

Walikuwa wanacheza rede. Wawili wanakurushia mpira wa majani ya mgomba, wewe katikati unaukwepa huku unajaza mchanga kwenye chupa. Chupa ikijaa, wenzako waliopigwa wanarudi mchezoni.

Wenzangu wote wakapigwa upesi. Nikabaki mimi.

"Bon, tumekwisha," akasema Solange.

Sikumlaumu.

Lakini jamani, mimi muhula mzima nimekuwa nakwepa watu. Mpira ni kitu gani?

Nikakwepa, nikajaza, nikakwepa tena.

"Mutanzania, jaza! Jaza!"

Chupa ikajaa. Wote wakanirukia, tukaanguka chini. Nikiwa chini ya watu hao, nikasema: "Asanteni kwa ushirikiano wenu."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Walicheka mpaka kengele ikalia.

Jioni Solange alinisubiri getini. Alikuwa anatafuna muwa, akanivunjia kipande, tukatembea kimya mpaka kwetu.

Nyie wenye marafiki, njiani huwa mnaongea nini? Naomba majibu kabla ya kesho asubuhi. Amesema atanipitia.