Dresa na Minyoo ya Mbwa

Nichekeni tu, mwenyewe nimeshajicheka. Mimi ni dresa, mfunga vidonda wa zahanati hapa Njombe. Jumapili iliyopita daktari wetu Mzungu alinituma Makambako nikawaonye watu juu ya minyoo ya mbwa. Nikavaa koti langu jeupe. Baada ya ibada niliketi na waumini uani kwa mwenyeji wetu, Mama Atupele, viazi vya moto katikati yetu. Kitu chenye joto kikanipandia mapajani. Nikakipapasa bila kukitazama, nikashukuru, maana baridi ilikuwa haina huruma.

"Watu wengi wanayo bila kujua," nikaanza kwa sauti ya mchungaji. "Mbwa akinya, mayai ya minyoo hubaki kwenye udongo. Ukila bila kunawa, umeyameza! Wengi hawaugui, lakini minyoo ikifika jichoni, mtoto anaweza kupofuka."

Wote wakanikodolea macho. Nikajua nimewapata. Nikamenya kiazi kingine. Watoto wakaziba midomo; nikadhani ni hofu.

Mama Atupele akanisogezea maji. "Dresa, kwani minyoo inaogopa koti jeupe?"

Nikatazama mapajani. Mtoto wa mbwa wake alikuwa amelala fofofo, mikono yangu imejaa udongo wa manyoya yake, na kiazi kiko mdomoni.